Fundi, Tazama Huku

Bweni la Wakufunzi, chumba cha mwisho
Jumatatu, 3 Juni

Fundi wangu,

Nimefika salama, ingawa mgongo umefika baadaye. Wametuweka wawili wawili chumbani, watu wazima wenye mvi, tunapangiana zamu ya kuoga kama watoto wa shule. Mwenzangu ni fundi bomba. Anakoroma mpaka dirisha linatetemeka, halafu asubuhi ananiuliza kama nimelala vizuri.

Simu yangu msihangaike nayo. Ilitumbukia kwenye kopo la gundi siku ile nafunga mizigo, na sasa ni kipande cha mbao. Ya ofisini hapa tumeambiwa ni ya misiba tu. Basi tuandikiane. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu, utanipa raha.

Yaani mtu nimefundisha useremala miaka yote hii, nusu ya milango ya mji ule imetoka mikononi mwa wanafunzi wangu, leo naambiwa nisiporudi na cheti sikanyagi tena karakana kama mkufunzi. Haya, mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, labda ndiyo zamu yangu. Anayetufundisha ni mama mmoja mfupi, hacheki, ana miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Leo ametufundisha namna ya kumwonesha mwanafunzi alipokosea bila kumvunja moyo. Nilimkumbuka marehemu baba yako, kaka yangu, alivyonifundisha mimi kwa kunirushia vipande vya miti.

Sasa kazi. Siku ya Jamii ni Jumamosi ya wiki ijayo na mimi sipo, kwa hiyo karakana ni yako. Mkufunzi wa umeme atasimama mlangoni, lakini yule mbao haijui, usimtegemee. Fanya kama nifanyavyo mimi kila mwaka. Toa kifuniko cha msumeno wa meza ili wageni wayaone meno, maana mgeni asipoona meno anadhani tunakata mkate. Sukuma ubao polepole kwa mkono, na watu wakishaanza kushika vichwa, malizia kwa kijiti cha kusukumia. Umeniona nikifanya tangu uko mdogo. Kata miguu ya vigoda vya chekechea mbele ya watoto wenyewe, wavione vinavyozaliwa.

Na nimeshazungumza na Mkuu wa Chuo. Tuzo ya Mwanafunzi Bora mwaka huu ni randa, mpya, ya chuma, nimeichagua mwenyewe. Simtaji atakayeipata. Ila aanze kupaka mikono mafuta.

Msalimie Mama Mdogo wako. Mwambie chakula cha hapa ndicho kinachonifundisha thamani yake.

Baba Mdogo wako,
Milimita


Nyumba za chuo
Jumapili, 9 Juni

Baba Mdogo,

Shikamoo. Kumbe unajua kwamba tunakuita Milimita! Tumenong'ona bure miaka miwili. Basi nikuongezee na hili: wanaokuigiza sauti karakanani ni watatu, na mimi ndiye bora.

Nimefagia kila kona, nimepanga patasi kwa ukubwa. Mkuu wa Chuo anakuja kila asubuhi kututazama, mikono nyuma. Ameita mpiga picha kutoka mjini, anataka picha kubwa ya kila idara itundikwe kwenye ubao wa matangazo, wazazi waamini kwamba hapa watu wanasoma. Idara ya ususi itawasuka akina mama wa mtaani bure. Umeme watatengeneza pasi na redio. Mama Mdogo anapikia mtaa mzima na hataki mtu asogee jikoni kwake, amesema atakayeonja kabla ya wakati ataonja mwiko.

Vigoda ni vya miguu mitatu ulivyosema, maana cha mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbaya. Mwalimu wa chekechea alileta watoto wapimwe. Walikaa mmoja mmoja juu ya matofali, nikapima magoti. Kasichana kamoja kakaniuliza, "Wewe ni fundi au ni dada?" Nikasema vyote viwili. Kakasema haiwezekani, nichague.

Nimechagua, Baba Mdogo. Nikimaliza hapa sitaki kazi nyingine. Najua Mama Mdogo angependa niende ofisini nikalie kiti cha kuzunguka, lakini mimi kiti nataka kukitengeneza.

Jambo moja. Nati ya nyuma ya kifuniko imekaza, haitaki kutoka. Spana ndefu umeiweka wapi? Nikiikosa nitaazima idara ya magari.

Ile ya randa sijaisoma, hata sijui unazungumzia nini. Mikono nimepaka mafuta kwa sababu zangu nyingine.

Mwanao,
Fundi


Bweni la Wakufunzi
Jumatano, 12 Juni

Fundi,

Nakuandikia kwa haraka, dereva wa basi ananisubiri na injini inanguruma. Usitoe kifuniko.

Leo mama wa miwani alitaka kila mmoja aeleze anavyowaonesha wageni kazi. Nikaeleza yangu kwa mbwembwe zote, na kijiti, na watu kushika vichwa. Alimwita mtunza stoo wa hapa, akamwomba atuoneshe mkono wake. Tukauona. Nimeona aibu mpaka masikio yamewaka. Miaka yote ile nilikuwa nabahatisha mbele za watu, nikiita ufundi.

Hiyo nati iliyokaza iache ilivyo, ina akili kuliko mimi. Wageni wasipoyaona meno watakula chakula cha Mama Mdogo wako, watasahau. Barua sikuitia posta, nimempa dereva mkononi. Ameahidi ataiacha kwa mlinzi getini kabla ya Jumamosi.

Milimita


Nyumba za chuo
Alhamisi, 20 Juni

Mume wangu,

Habari za huko. Sisi tupo.

Siku ya Jamii imepita. Watu walikuja wengi kuliko sahani. Watoto wa chekechea wamepata vigoda vyao. Fundi anakusalimu, hajaweza kukuandikia kwa sababu baada ya sherehe mambo yamekuwa mengi. Barua uliyompa dereva tumeipata, usiwe na wasiwasi nayo.

Kazi yako huko ni moja tu, cheti. Usije ukarudi kabla hujamaliza, hata ukisikia nini. Nyumba hii ni ya chuo, unajua. Ukirudi mikono mitupu tutakwenda wapi?

Fulana zako mbili nimezitia kwenye kifurushi. Kula hata kama hakiliki.

Mkeo


Bweni la Wakufunzi
Alhamisi, 27 Juni

Mke wangu,

Barua yako kavu kama maranda. "Hata ukisikia nini" ndiyo nini? Nisikie nini? Mpishi wa watu mia tatu anaandika kama mtu anayelipia kila neno. Najua umechoka, nakuonea huruma, lakini fulana ni tatu nilizoacha, siyo mbili.

Huyo mwanao naye ameninunia, nimeshajua. Nilimwahidi makofi ya wageni, halafu nikamwandikia kifuniko kibaki, nikamwondolea utamu wote. Mwambie nimekubali lawama. Mwambie pia kwamba kununa siku nyingi kunaharibu uso, na uso wenyewe ameurithi kwetu, hauna ziada ya kuharibu. Aniandikie hata mistari miwili, anitukane, ila aandike.

Jana tulijifunza kuthamini wanafunzi. Tuliambiwa kila mmoja ataje mwanafunzi mmoja na aeleze alichofundishwa naye. Mimi nilizungumza mpaka nikaambiwa nikae.

Milimita


Nyumba za chuo
Jumatatu, 8 Julai

Baba Mdogo,

Shikamoo. Sijanuna.

Barua yako ya basi ilifika Alhamisi, mapema kabisa. Kifuniko sikukitoa. Watu walifurahi vilevile. Hakuna lililoharibika.

Mwandiko usiucheke. Naandikia gotini. Meza ya nyumbani nimeipeleka karakana kuipiga msasa.

Soma vizuri. Tunakuombea.

Mwanao


Bweni la Wakufunzi
Jumanne, 16 Julai

Fundi wangu,

Ahsante, ahsante. Hujui ulivyonitua mzigo. Tangu siku ile nilikuwa nahesabu basi liko wapi, dereva ni mlevi au siyo, mlinzi anajua kusoma jina au hajui. Kumbe Alhamisi ilikuwa mkononi mwako.

Ila mwandiko huo, mama! Nilifikiri kuku amekanyaga wino akaenda kutafuta vifaranga. Nimemwonesha fundi bomba, amecheka mpaka amekaa chini. Anauliza kama chuoni kwetu mnaandika kwa miguu. Wewe uliyekuwa unanisahihishia herufi! Hiyo meza irudishe nyumbani upesi kabla hujasahau kuandika kabisa.

Sasa sikiliza. Nimemwandikia Mkuu wa Chuo, nimemwomba ukimaliza ubaki hapo kama msaidizi wangu wa karakana. Hajanijibu, lakini hana sababu ya kukataa. Na nimechora kabati. Milango miwili, viungio vyote vya kukata kwa mkono, bila msumari hata mmoja. Kazi ya pamoja, wewe upande wa kushoto, mimi wa kulia, tuone wa nani utakaza. Anza mazoezi ya patasi sasa hivi, kila siku kidogo kidogo. Mkono usipofanya kazi unasahau.

Milimita


Nyumba za chuo
Jumatatu, 12 Agosti

Mume wangu,

Habari. Juzi Jumamosi chuo kimetoa tuzo. Mwanao amepewa randa. Alipopanda jukwaani watu wote walisimama, hata wageni wa viti vya mbele, na makofi yalichukua muda mrefu. Nililia. Randa ipo juu ya kabati.

Umebakiza muda mfupi. Vumilia.

Mkeo


Bweni la Wakufunzi
Jumanne, 20 Agosti

Mke wangu, na wewe mwanangu,

Naandika moja kwenu nyote kwa sababu nguvu ya kuandika mbili sina.

Leo tulikuwa na somo la ajali. Mama wa miwani huleta taarifa za kweli kutoka vyuoni, anafuta majina, anatusomea, halafu anatuuliza tungefanya nini. Akasoma moja. Chuo fulani, siku ya wageni, msumeno wa meza. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa, kwa kuwa ndiyo desturi ya karakana hiyo, iliyoanzishwa na mkufunzi wake ili kuwafurahisha watu. Mkufunzi mwenyewe siku hiyo hakuwapo. Akauliza, mkufunzi huyu afanywe nini?

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasimama kabisa. Nikasema mtu huyo asirudi karakanani, apewe ufagio. Nikasema mimi nina mwanafunzi wangu, niligundua kosa langu nikamwandikia asitoe kifuniko, na hakukitoa, basi hivyo ndivyo mkufunzi anavyotakiwa kuwa. Wenzangu wakapiga makofi. Fundi bomba akanipigapiga mgongoni.

Mama akaendelea kusoma. Mwanafunzi, msichana, alikuwa akikata miguu ya vigoda vya watoto wa chekechea.

Nilikuwa bado nimesimama. Nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Vigoda vya miguu mitatu. Vidole vinne vya mkono wa kulia.

Sikumbuki nani alinikalisha. Nimerudi chumbani nimetoa barua ya Julai, ile yenye mistari michache. Nimeuona mwandiko. Niliucheka, mwanangu. Nilimwita mtu mwingine aje aucheke na yeye. Nikakwambia ufanye mazoezi ya patasi.

Nataka mnijibu jambo moja tu. Barua niliyompa dereva ilifika lini? Msinidanganye tena.

Mimi


Nyumba za chuo
Jumapili, 25 Agosti

Mume wangu,

Ilifika Jumatatu, baada ya Siku ya Jamii. Basi lilikuwa limeharibika njiani. Mlinzi alinipa mimi, nimetoka hospitali kufuata nguo za kubadilisha. Niliisoma nimesimama palepale getini. Halafu nilimsomea mwanao kitandani, kwa sababu aliniuliza kama umeandika. Sijui kama nilifanya vema. Akasema, "Mama Mdogo, hii ilifika Alhamisi. Umesikia? Alhamisi." Ndiyo maana aliyoyaandika Julai aliyaandika.

Unataka kujua, basi jua. Ile nati ilimtoa jasho, akaenda idara ya magari kuazima spana. Mimi nilikuwa jikoni. Nilisikia watu wakishangilia kama kila mwaka, nikasema moyoni, mwanangu anawaweza. Mpiga picha alikuwa amepanda juu ya benchi ili apate watu wote. Akaita, "Fundi, tazama huku!" Na yeye akatazama. Si ni mtoto wetu, tumemlea akiitwa aitike. Ndipo kelele zikabadilika, nikajua kabla sijafika.

Picha ilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniua. Anacheka, amependeza, na mkono wake bado uko mzima. Mkuu wa Chuo aliitundika kwenye ubao wa matangazo, chini yake ameandika "Ujuzi kwa Jamii". Niliing'oa na pini zake. Aliniletea barua ya onyo, nikaiwashia jiko.

Halafu siku ya tuzo. Randa ilikuwa imeshanunuliwa, jina lake limeshachongwa. Nilimfuata Mkuu ofisini, nikamwambia mpeni kitu kingine, hata blanketi. Akasema tuzo ikishapitishwa haibadilishwi, na isitoshe itamtia moyo. Mshereheshaji akaanza kusifu umoja wa chuo, akasema kidole kimoja hakivunji chawa, ndipo akamwona mwanao amekaa mstari wa mbele. Akakohoa kwenye kipaza sauti. Mwanao akapanda. Randa ile ni nzito, wewe uliichagua. Aliipokea kwa kushoto ikamwelemea, akaikumbatia kifuani isianguke, na watu wote wakasimama kupiga makofi. Mkuu akasema kwenye hotuba yake kwamba ajali haina kinga. Ilikuwa nayo. Ilikuwa imelazwa dirishani karakanani, pamoja na nati zake.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungerudi hata kwa miguu. Cheti kingekwenda, nyumba ingekwenda, na vidole visingerudi. Nilichagua nyumba. Nichukie ukitaka, lakini malizia kwanza ndipo uje unichukie.

Mkeo


Nyumba za chuo
Jumapili, 25 Agosti

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo hajui kama naandika, yuko jikoni. Herufi zimeanza kunyooka kidogo, utaona.

Barua yako ilifika Jumamosi yenyewe, asubuhi. Mlinzi alinipa mkononi. Nilikuwa na mbao begani na watoto wameshaanza kuingia, nikaitia mfuko wa aproni, nikasema nitaisoma wageni wakiondoka, niisome kwa raha. Nilidhani ni milimita zako zilezile. Kwa hiyo wewe ulishaniambia, na barua ilikuwa mfukoni mwangu muda wote. Kosa ni langu. Ndivyo ilivyokuwa, na sitaki tubishane.

Maumivu yamepungua. Wakati mwingine kidole ambacho hakipo kinawasha na sina pa kukuna. Vifungo nimeviweza. Nywele bado, ananichana Mama Mdogo, anavuta kama nilipokuwa darasa la kwanza. Kale kasichana ka chekechea kalinikuta njiani kakaniuliza vidole vimekwenda wapi. Nikasema vimechoka na kazi. Kakafikiri, kakasema, "Basi sasa wewe ni dada tu."

Mkuu wa Chuo amenipa nafasi. Nikae mlangoni mwa karakana niandike nani ameazima patasi na nani amerudisha. Anasema ni heshima. Kiti wameshaleta, cha kuzunguka.

Sikitaki, Baba Mdogo. Kila nikipita nasikia harufu ya mbao iliyokatwa sasa hivi, nageuka narudi nyumbani. Ukirudi usinionee huruma, na usinikalishe kwenye kile kiti. Nifundishe kwa mkono wa kushoto. Wewe mbao unaijua nje ndani, lazima njia ipo. Randa sijaigusa, nakusubiri. Niambie tu kwamba inawezekana, mengine nitavumilia.

Mwanao


Bweni la Wakufunzi
Ijumaa, 6 Septemba

Fundi,

Nimekuita hivyo na sijui kama nina haki tena ya kukuita.

Barua zenu mbili zimefika siku moja. Mama Mdogo wako anasema Jumatatu, wewe unasema Jumamosi. Mnalala chini ya paa moja, mngekubaliana kwanza. Njia ya mwongo fupi, na ya kwako haikuvuka hata kizingiti. Nimekiona ulichotaka kunibebea. Siwezi kukupa ukibebe. Nilikaa kitandani na zile barua mbili, moja kila goti, nikalia mpaka fundi bomba akatoka nje akaniachia chumba.

Cheti wamenipa. Na kwenye hafla ya kufunga mafunzo wametoa tuzo ya mshiriki bora, nayo wamenipa mimi, kwa ajili ya yale niliyoyasema siku ile nimesimama. Nilimfuata mama wa miwani nikamwambia mkufunzi wa kwenye ile taarifa ni mimi. Akasema ameshajua, alijua nilipomwomba arudie. Nikamwambia basi ninyang'anyeni. Akasema majina yameshapelekwa juu, utaratibu hauruhusu. Akavua miwani zote mbili, akanishika mkono. Basi nyumbani kwetu kutakuwa na tuzo mbili.

Sasa ulichoniomba. Juzi niliazima ufunguo wa karakana ya hapa. Nilimwambia fundi bomba anifunge mkono wa kulia kwa kamba mgongoni. Nikabana ubao kwenye jiliwa, mti laini, usio na fundo, ambao wewe ungeupiga randa huku unaimba. Nikajaribu kwa kushoto peke yake. Nikaikandamiza randa kwa kifua, kwa tumbo, kwa kiwiko. Inaruka. Inachimba. Inakimbilia pembeni. Saa ya chakula ikapita, fundi bomba akasema, "Inatosha, kaka." Nikamwambia anibanie ubao mwingine. Nao nikauharibu, na wa tatu.

Umeniomba nikwambie kwamba inawezekana. Tangu Juni mmenidanganya kwa mapenzi, na mimi nikawa mtu wa kuchekacheka katikati ya msiba wangu mwenyewe. Sitakulipa uongo kwa uongo. Mimi sikuweza. Huenda yupo fundi mahali fulani anayeweza, mimi simjui na sikuwahi kumwona. Yote niliyokuwa nayo nilishakupa, mwanangu, na pamoja nayo nikakupa ule mchezo wangu wa kuwafurahisha wageni. Sasa hivi sina kingine.

Nafika Jumapili. Kwenye kile kiti hutakaa, hilo nitalisimamia hata kwa kazi yangu. Zaidi ya hapo sina ahadi.

Ubao wangu wa mwisho nauleta begini. Umepinda, una mashimo, mwanafunzi wa wiki ya kwanza ningemrudishia. Nitauweka mezani mbele yako. Uupapase kwa mkono wako wa kushoto, uniambie nilipokosea.

Baba Mdogo wako